Boksi la betri lililokataliwa Kisongo: uchambuzi wa kisa kimoja

Boksi lilikuwa la viatu, limezungushwa selotepu ya kahawia mara tatu. Juu yake kijana wa stoo alikuwa ameandika kwa kalamu nene nyeusi: BETRI TU. ZIMETOLEWA KWA USALAMA.

Maneno hayo matano ndiyo yaliyolizuia. Betri zile zile zingebaki ndani ya vifaa vyake, sehemu kubwa ya mzigo ule ingeweza kupanda ndege. Mimi ni wakala wa mizigo hapa Arusha, kazi yangu ni kufunga, kuandika hati na kupeleka uwanjani, na kisa hiki nakieleza kwa urefu kwa sababu kila aliyekigusa alikuwa na nia njema na kila mmoja alikosea mahali fulani. Mimi ndiye niliyeanza.

Mwenye mzigo nitamwita Mama Taa. Ana kampuni ndogo ya kupandisha wageni Kilimanjaro, stoo yake iko Moshi. Usiku wa kwenda kileleni wageni na wagumu, yaani wapagazi, hutembea kwa taa za kichwani tangu saa sita hadi kupambazuke, kwenye baridi inayoweza kuzima betri dhaifu kabla mtu hajafika Stella, karibu na kilele, kwa hiyo taa kwake ni jambo la heshima. Aliponunua seti mpya alikubaliana na rafiki yake mwenye kambi ya watalii Katavi amuuzie ile ya zamani. Kambi ilikuwa inajiandaa kufungua msimu wa kiangazi. Vitu vyepesi vya huko huenda kwa ndege ndogo kutoka uwanja wa Arusha, pale Kisongo, zile Cessna Caravan za injini moja zinazobeba wageni kumi na kitu pamoja na mabegi yao, nyanya za jikoni na vipuri vya gari. Haziendi kila siku. Ukikosa ya Jumatatu, unasubiri Alhamisi.

Wiki moja kabla ya safari alinipigia simu. "Mwanangu, taa na redio zinapita kwenye ndege?" Nikamjibu nikiwa barabarani, mkono mmoja kwenye usukani: "Zinapita mama, ila angalieni betri."

Angalieni betri. Hilo ndilo kosa langu. Nilimpa tahadhari isiyo na maelekezo, naye akaipeleka kwa kijana wake wa stoo kama alivyoipokea. Kijana akawaza kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angewaza: betri ni hatari, basi tuzitenge na vifaa. Akatoa betri katika kila taa na kila redio, akazichaji zote usiku kucha zikajaa, ili wenzao wa Katavi wakifungua tu wawashe, kisha akazipanga kwenye boksi lao peke yake.

Jumatatu alfajiri Mama Taa akapanda Coaster kutoka Moshi, katoni mbili chini ya kiti na boksi la viatu mapajani. Katoni ya kwanza ilikuwa na taa 24, tupu. Ya pili ilikuwa na redio koli sita, tupu, pamoja na chaja zake na vipima oksijeni viwili vya kuvaa kidoleni. Boksi ndilo lililobeba moto wote: seli 24 zilizotoka kwenye taa, seli 30 za akiba, betri 12 za redio na pawabenki nne.

Kaunta ya mizigo haikuchukua dakika tano. Dada aliyekuwepo alimwamkia vizuri, akasoma maandishi, akalisukuma boksi pembeni. "Mama, betri haziruhusiwi kwenye ndege." Mama Taa akamwonyesha abiria waliosimama nyuma yake, kila mmoja na simu mkononi, mwingine na pawabenki inaning'inia kwenye waya. "Na hizo je?" Dada akasema hizo ni za abiria. Kijana, aliyekuwa upande wa pili wa simu, akatoa ushauri ambao Mama Taa alinisimulia baadaye akicheka kwa aibu: azirudishe kwenye katoni ya pili, azizungushie blanketi, aandike "vifaa vya kambi".

Hapo ndipo aliponipigia tena, na nashukuru alinipigia kabla hajafanya hivyo.

Betri moja, majina matatu

Watu wengi hudhani kanuni za ndege zinauliza betri ni kubwa kiasi gani. Zinauliza hilo pia, lakini swali la kwanza ni jingine: betri iko wapi ndani ya boksi?

Seli ile ile ya taa ya kichwani, yenye umbo la kidole gumba kinene, ile mafundi wanayoiita 18650 kwa sababu ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ina majina matatu kisheria. Ikiwa imo ndani ya taa, ni betri ya lithiamu ayoni iliyomo ndani ya kifaa, UN 3481 (namba ya Umoja wa Mataifa ya kutambulisha mzigo hatari), na hufungwa kwa maelekezo ya ufungashaji namba 967. Ikiwa iko nje ya taa lakini katika boksi moja nayo, namba inabaki UN 3481 ila maelekezo yanakuwa 966. Ikiwa iko peke yake, bila kifaa chake, inageuka UN 3480 na kuhamia maelekezo namba 965. Na UN 3480 haipandi kama mzigo kwenye ndege yoyote inayobeba abiria. Marufuku hiyo ipo tangu Aprili 1, 2016, na haijali kama ndege ni jitu la kuvuka bahari au Caravan ya kutua kwenye uwanja wa vumbi. Kiti kimoja chenye abiria kinatosha.

Kwa hiyo kijana alipozitoa betri kwenye vifaa "kwa usalama", alizihamisha kutoka jina linaloruhusiwa kwenda jina lililokatazwa. Hakuongeza hata gramu moja ya hatari kwa kukusudia. Ila kwa macho ya kanuni alitengeneza mzigo mpya.

Kuna mantiki hapa, ingawa kwa mara ya kwanza inasikika kama ukaidi wa maofisa. Betri ndani ya kifaa ina ganda la kuilinda na iko mbali kidogo na jirani yake. Betri 66 zilizolala ubavu kwa ubavu ndani ya boksi la viatu hazina hata kimoja. Seli moja ikipata hitilafu, iwe ya kiwandani, ya kugongwa au ya ncha zake kuguswa na chuma, joto lake huanza kujizidisha lenyewe: joto linachochea mmenyuko wa kikemikali, mmenyuko unazaa joto zaidi, hadi seli inapasuka na kutoa gesi inayowaka. Jirani yake anapata joto hilo, naye anaanza. Gesi ya halon inayotumika kuzimia moto kwenye sehemu za mizigo za ndege kubwa hufunika miali, lakini haizuii joto kuhama kutoka seli hadi seli. Na kwenye Caravan mizigo mingi hukaa kwenye sanduku lililobandikwa chini ya tumbo la ndege, nje kabisa ya mahali walipo watu. Rubani hawezi kulifungua angani hata akinusa moshi.

Septemba 3, 2010 ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747, iliondoka Dubai kwenda Cologne. Dakika 22 hivi baada ya kuruka, kengele ya moto ikalia. Marubani walijaribu kurudi, moshi ukajaa chumbani mwao hadi wakashindwa kuona vipimo, ndege ikaanguka na wote wawili wakafa. Uchunguzi ulielekeza chanzo cha moto kwenye shehena iliyokuwa na betri za lithiamu. Nilimsimulia Mama Taa habari hiyo pale pale uwanjani, si kwa kumtisha. Nilitaka aone kwamba dada wa kaunta hakuwa amejitungia.

Lile swali la abiria na simu zao nalo lilistahili jibu zuri kuliko alilopewa. Pawabenki huruhusiwa kwenye begi la mkononi kwa sababu hapo ikianza kutoa moshi kuna mtu wa kuiona, na kuna maji ya kuipoza. Ndiyo maana hairuhusiwi kwenye begi linalokaguliwa na kupelekwa chini. Mkononi ina mlinzi, tumboni mwa ndege haina.

Nilichomlaumu yule dada nacho

Uamuzi wake ulikuwa sahihi, sababu aliyoitoa haikuwa sahihi. "Betri haziruhusiwi kwenye ndege" si kweli, na kila anayeisikia anajua si kweli, maana ana simu mfukoni. Mtu akipewa katazo ambalo macho yake yanalikanusha, halichukulii kama kanuni, analichukulia kama usumbufu, na usumbufu hutafutiwa njia ya kuuzunguka. Kijana wa stoo, aliyekuwa mkweli kiasi cha kuandika BETRI kwa herufi kubwa, baada ya sentensi moja alikuwa tayari kuzificha ndani ya blanketi. Boksi la wazi lilikuwa na nafasi ya kusimamishwa na mtu yeyote. Boksi la blanketi lingepita, likiwa na seli zimejaa chaji, ncha wazi, zimefungiwa joto kwa sufu. Katika kisa chote hiki, hapo ndipo tulipokaribia balaa, na neno lililotusukuma huko lilitoka kaunta, kama lile la kwanza lilivyotoka kinywani mwangu.

Mawakala wenzangu wa zamani wana mchango wao pia. Utawasikia wakisema, "Mbona sisi tulikuwa tunapitisha?" Ni kweli walikuwa wanapitisha. Hata baada ya 2016 kulikuwa na ahueni kwa vifurushi vidogo vya betri zilizo peke yake kwenye ndege za mizigo pekee, bila makaratasi mengi. Ahueni hiyo ilifutwa Aprili 2022. Leo betri zikiwa peke yake, hata chache, zinataka ndege isiyobeba abiria, chaji isiyozidi asilimia 30, lebo ya daraja la 9, lebo ya ndege ya mizigo pekee na tamko la mtumaji aliyefunzwa. Kwa seli za taa za mama mmoja kwenda kambini, hiyo ni kama kukodi lori kubebea kuku.

Meza yangu

Tulikosa ndege ya Jumatatu. Tukachukua bajaji hadi ofisini kwangu mjini, tukamwaga kila kitu mezani.

Kazi ya kwanza ilikuwa hesabu, nayo haimshindi mtu wa darasa la sita. Kanuni hupima betri za lithiamu ayoni kwa wati-saa: zidisha volti kwa saa-ampia. Betri ya redio iliandikwa volti 7.4 na miliampia-saa 1,800, yaani 7.4 mara 1.8, wati-saa 13.32. Kikomo cha kundi jepesi, lile lisilotaka makaratasi mengi, ni wati-saa 100 kwa betri na 20 kwa seli moja. Redio zimo ndani bila wasiwasi. Seli asilia za taa, za kijivu, zenye jina la kiwanda, zilikuwa volti 3.6 na miliampia-saa 2,600: wati-saa 9.36. Nazo zimo.

Kisha tukafika kwenye zile za bluu.

Seli 30 za akiba zote zilikuwa za bluu, ganda linang'aa, hazina jina la kiwanda, zimeandikwa kwa majivuno: 3.7V, 9800mAh. Nilipozichanganua zile 24 zilizotoka kwenye taa nikakuta tisa nazo ni za bluu. Kijana alikuwa amezibadilisha pole pole kila seli asilia ilipokufa mlimani. Jumla 39. Mama Taa alikuwa anazinunua elfu tatu moja na kujiona mjanja, maana uwezo wake unaonekana ni karibu mara nne ya zile za kijivu.

Nilimwekea kikokotoo mbele. 3.7 mara 9.8 ni wati-saa 36.26. Hiyo inapita kikomo cha 20 kwa seli. Kama lebo inasema kweli, seli hizi haziwezi kusafiri katika kundi jepesi, hata zikiwa ndani ya taa. Lakini lebo haisemi kweli: hakuna 18650 inayobeba hata nusu ya hizo 9,800. Nikaweka moja kwenye mizani, ikaja gramu 31. Ya kijivu ikaja 46. Ndani kuna ganda kubwa na kitu kidogo. Kwa hiyo muuzaji alidanganya kumfurahisha mnunuzi, na uongo wenyewe ukaifanya seli isiyo na nguvu ionekane kwenye karatasi kuwa na nguvu kupita kiasi cha kusafiri. Sijawahi kuona uongo uliojikamata wenyewe vizuri namna hiyo.

Hata tungeifuta lebo, zingebaki na kasoro nzito zaidi. Kila aina ya seli au betri ya lithiamu inayopanda ndege lazima iwe imefaulu majaribio ya Umoja wa Mataifa yanayojulikana kama UN 38.3. Huwekwa kwenye mgandamizo mdogo wa hewa kama wa juu sana angani, huhamishwa mara kumi kati ya nyuzi joto 72 na hasi 40, hutikiswa, hugongwa, hupigwa shoti ya umeme, na mengine. Tangu Januari 2020 kiwanda na wasambazaji wanatakiwa kuwa na muhtasari wa majaribio hayo na kuutoa ukiombwa. Wa seli za kijivu niliupata kwenye tovuti ya kiwanda kabla chai haijapoa. Wa seli za bluu ungemwomba nani? Hazina jina. Na sharti hili halina mlango wa nyuma: seli isiyojaribiwa haipandi peke yake, haipandi pamoja na kifaa, haipandi ndani ya kifaa.

"Kwa hiyo laki na kumi na saba yangu imekwenda?" Mama Taa aliuliza. Alikuwa amezidisha kichwani kabla yangu.

Imekwenda, mama.

Katika betri 12 za redio, moja ilikuwa imevimba kama andazi lililozidishiwa hamira. Kijana aliichaji nayo usiku ule ule. Betri iliyovimba, iliyopasuka, iliyolowa au iliyoitwa irudishwe kiwandani kwa kasoro haina namba ya kuisafirishia angani; imekatazwa, basi. Tuliifunga ncha kwa selotepu, nikaitoa nje ya ofisi na kuiweka kwenye ndoo ya mchanga mkavu, mbali na ukuta wa mbao wa jirani.

Zikabaki pawabenki. Mama Taa alizitetea sana. "Hii si betri, hii ni kifaa. Ina taa, ina kioo kinaonyesha namba." Ni hoja ambayo wateja wengi huitoa, na watu wa kanuni waliishaijibu: kazi ya pawabenki ni kuchaji vitu vingine, kwa hiyo ni betri iliyovaa koti. Kwenye mzigo inahesabiwa UN 3480, sawa na seli iliyo peke yake. Zake zilikuwa miliampia-saa 20,000, yaani wati-saa 74 kila moja, kiasi ambacho abiria angeruhusiwa kubeba mkononi kwa matumizi yake. Na kweli alikuwepo abiria: mpishi wa kambi, aliyekuwa anaondoka na ndege ya Alhamisi. Mama Taa akapendekeza mpishi azibebe zote nne, na seli za akiba juu yake.

Nilikataa, ingawa nilijua huenda asingeulizwa mtu. Ruhusa ya abiria ni ya vitu vyake mwenyewe. Bidhaa iliyouzwa kwa kambi haigeuki mali ya mpishi kwa kuwekwa kwenye begi lake. Mpishi akapanda na simu yake na pawabenki yake moja.

Tulivyofunga upya

Seli 15 za kijivu zilirudi ndani ya taa 15. Taa tisa zilizobaki zilikwenda tupu. Taa isiyo na betri ni plastiki na mkanda, haina masharti. Tatizo la taa ni swichi. Ikibonyezwa ndani ya katoni itawaka safari nzima na kupasha joto kila kilicho karibu, na kanuni zinataka kifaa kilindwe kisijiwashe. Tulikata vipande vya plastiki kutoka kwenye chupa ya maji, tukapachika kimoja kati ya seli na chuma cha kila taa, kama ule ulimi unaouvuta kwenye rimoti mpya. Seli bado imo ndani ya kifaa, lakini umeme haupiti.

Redio sita zilirudishiwa betri zake, na betri tano za akiba zilizo nzima zikaingia katoni hiyo hiyo. Inaruhusiwa: pamoja na vifaa unaweza kuweka betri za kuviendesha na seti mbili zaidi za akiba, ilimradi betri zisizidi kilo tano kwa katoni. Kila betri ya akiba ilipata mfuko wake wa plastiki na selotepu juu ya ncha. Vipima oksijeni vilitumia betri za kawaida za alikalaini, sikuvigusa.

Kilichotuchosha ni chaji. Tangu Januari 1, 2026, betri zinazofungwa pamoja na kifaa, zikizidi wati-saa 2.7, haziruhusiwi kuwa na chaji zaidi ya asilimia 30. Kabla ya hapo sharti hilo lilizibana zilizo peke yake tu, na ndilo badiliko ambalo nimeona likiwakwaza wengi mwaka huu. Kwa zilizomo ndani ya vifaa vidogo kama hivi ni ushauri, si amri, ila sikuona sababu ya kupeleka nusu hivi na nusu vile. Sasa sisi tulikuwa na betri zilizojaa pomoni. Tukawasha taa zote 15 tukazielekeza dari, tukazipokeza redio betri moja baada ya nyingine, zikiwa zimefunguliwa sauti na kurunzi zao zinawaka. Saa saba mchana, jua la Arusha nje, ndani ofisi inameremeta kama jukwaa la harusi. Mteja mwingine aliingia, akatazama, akauliza kama umeme umekatika.

Nilikuwa napima kwa multimita. Seli moja iliyojaa husoma volti 4.2, nilizima kila iliposhuka hadi kati ya 3.5 na 3.6 baada ya kupumzika kidogo, na kwa betri ya redio, yenye seli mbili mfululizo, mara mbili ya hapo. Si kipimo cha maabara, ndiyo maana nilishuka chini kidogo badala ya kubaki kwenye mpaka. Mama Taa alikaa hadi jioni akizihesabu.

Katoni zote mbili zilibandikwa alama ya betri, ile yenye mpaka wa mistari myekundu na picha ya betri kadhaa, moja ikitoa moto, na namba UN 3481. Kifurushi chenye seli nne au pungufu, au betri mbili au pungufu, zikiwa ndani ya vifaa, husamehewa alama hiyo endapo shehena haizidi vifurushi viwili. Zetu zilikuwa nyingi mno kwa msamaha huo. Kwenye hati ya mzigo nikaandika aina ya betri, maelekezo 967 kwa katoni ya taa na 966 kwa ya redio. Katoni zenyewe zilikuwa ngumu, maana ndivyo inavyotakiwa, na ile ya redio lazima istahimili kuanguka kutoka mita 1.2 bila betri kuumia au kuhama. Za Mama Taa zilikuwa za biskuti, tukazibadilisha.

Pawabenki nne zilikwenda kwa basi la Mpanda kupitia Singida na Tabora, ncha zimezibwa, kila moja kwenye mfuko wake, mwenye basi akijulishwa kilichomo. Zile 39 za bluu sikumshauri azipeleke popote.

Alhamisi kaunta alikuwepo dada yule yule. Aliisoma alama, akaisoma hati, akaniuliza swali moja tu, kama kuna betri nyingine huru ndani. Nikamwambia hakuna. Akatikisa katoni ya taa kidogo, akasikiliza, akaipitisha. Nilimwomba, kwa utani ulio na ukweli ndani yake, kwamba siku nyingine akimkataa mtu amwambie "betri peke yake haziruhusiwi". Akacheka, akasema akitakiwa kuwaeleza wote hivyo foleni itafika Monduli.

Wiki tatu baadaye meneja wa kambi akaandika kwenye kundi letu la WhatsApp, pamoja na picha: betri tatu za redio zimeacha kushika chaji, na mbili kuukuu alizozikuta stoo, moja ubavu umetuna. Ndege ya Alhamisi inarudi Arusha karibu tupu, azipakie? Nilianza kuandika kwamba betri za kutupwa haziendi kwa ndege bila kibali maalumu cha mamlaka za usafiri wa anga, na iliyovimba haiendi kabisa, nikiwa bado natafuta maneno ya upole. Mama Taa alikuwa amekwishamjibu.

"Ndege hapana. Zisizovimba ziba ncha, zisubiri gari letu la mwezi ujao. Iliyovimba iweke kwenye mchanga, nje, usiichaji. Na usimwachie kijana aandike kwenye boksi."